Darubini ngumu ya bei ya kawaida: maswali ninayoulizwa sana

Jumamosi asubuhi huwa natembea na kikundi kidogo cha watazama ndege. Wiki hii msitu wa Pugu, wiki ijayo mikoko ya Kunduchi. Kila safari mgeni mmoja huiomba darubini yangu ya macho mawili, anatazama, anasema "aisee!", na hapo maswali yanaanza. Nimechoka kuyajibu kwa ujumbe wa sauti usiku wa manane, kwa hiyo nimeyaandika yote hapa. Siuzi darubini, wala sina winga Kariakoo wa kukupeleka kwake.

Zile namba, mfano 8x42, zina maana gani?

Ya kwanza ni mara ngapi inakuza. Ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Basi. Muuzaji akikwambia 42 ni kilomita inazofika, mshukuru na uondoke.

Si bora nichukue inayokuza mara 20 kabisa?

Hili ndilo swali linalowapotezea watu hela kuliko yote, kwa hiyo nitalikalia kidogo.

Chukua twiga aliye mita 400 kutoka ulipo. Kwa darubini ya 8 utamwona kana kwamba yuko mita 50. Kwa ya 10, mita 40. Tofauti yenyewe ni hizo mita 10 tu. Ukienda kwenye 20 anakuwa mita 20, na hapo unaweza kudhani umefaidi. Tatizo ni kwamba darubini haichagui cha kukuza: mkono wako ukitetemeka kidogo, mtetemo nao unakuzwa mara 20. Twiga anacheza singeli. Bila stendi ya miguu mitatu huoni kitu cha maana, na hakuna anayebeba stendi hiyo kupanda milima ya Pugu saa 12 asubuhi.

Pili, kadiri unavyokuza zaidi ndivyo eneo unaloliona linavyokuwa finyu. Darubini nyingi za 8 zinakuonyesha upana wa mita 120 hivi kwa kitu kilicho mita 1,000. Za 20 zinakupa nusu ya hapo au pungufu. Ndege anayeruka haraka, kama mdiria anayekatiza mto, atakuwa ameshatua upande wa pili wakati wewe bado unamtafuta kwenye majani.

Tatu, mwanga. Gawa namba ya pili kwa ya kwanza: 42 kwa 8 unapata 5.25. Hicho ndicho kipenyo, kwa milimita, cha mwale unaotoka kwenye darubini na kuingia jichoni. Mchana mboni ya jicho hufunguka milimita 2 au 3 tu, kwa hiyo huoni tofauti. Alfajiri na magharibi, ambapo wanyama ndipo wanapotembea, mboni inafunguka zaidi, na darubini ya 20x50 yenye mwale wa milimita 2.5 inakupa picha ya kiza.

Kwa hiyo nianze na ipi?

8x42. Ukiwa na mikono tulivu na mambo yako mengi ni ya mbali, kama mbugani Mikumi au ufukweni, 10x42 inakubalika. Ukitaka nyepesi ya kutia kwenye mkoba, 8x32. Ndogo kabisa za 8x25 zinafaa mchana tu, na kwa mtu ambaye asipokuwa na nyepesi hatabeba yoyote.

Usinunue za kuvuta na kurudisha ukuzaji (zoom), zile zilizoandikwa 10-30x50. Kwa bei zetu, hizo zina vipande vingi vya kusogea, vumbi linaingia, na pande mbili zinaachana ukuzaji: jicho la kulia linaona mara 12, la kushoto mara 11. Kichwa lazima kiume.

Kariakoo nimeona ya 80x80 kwa bei ya viatu. Ni feki?

Darubini ya kushika mkononi inayokuza mara 80 haipo. Kinachouzwa hapo ni darubini ya 7 au 8 iliyochorwa namba kubwa.

Usibishane na muuzaji, nenda na rula. Pima kipenyo cha kioo cha mbele chenyewe, bila fremu. Kisha ishike darubini mbele yako, mbali na uso kama sentimita 30, uielekeze kwenye anga jeupe (si kwenye jua). Kwenye kila tundu la kutazamia utaona kiduara cha mwanga. Pima hicho kiduara. Gawa kipenyo cha mbele kwa kiduara, jibu ni ukuzaji wa kweli. Lenzi ya mbele ikiwa milimita 24 na kiduara milimita 3, una darubini ya 8x24, hata kama ubavuni wameandika idadi ya nyota za mbinguni.

Hapo hapo angalia umbo la kiduara. Kikiwa cha mviringo safi, vizuri. Kikiwa na pembe kama mraba, na kingo za kijivu, ndani kuna prizimu (vipande vya kioo vinavyogeuza njia ya mwanga) za kioo cha bei ya chini na mwanga unakatwa njiani.

Na zile lenzi zinazong'aa rangi ya chungwa au nyekundu kama macho ya paka? Zimepakwa hivyo zipendeze dukani. Zinarudisha nje mwanga mwekundu, na picha inayobaki inaelekea kijani. Lenzi nzuri ukiitega kwenye taa huonyesha mng'ao hafifu wa kijani au zambarau, na inaonekana nyeusi kwa ndani.

"Ngumu" ni ipi hasa? Zote zina mpira kwa nje.

Mpira wa nje unasaidia ikianguka na mkono usiteleze. Hauzuii maji. Nilijifunza hilo kwa hela yangu.

Darubini yangu ya kwanza niliinunua dukani mjini kwa sababu ilikuwa na ganda la mpira la rangi ya jeshi na neno la kuashiria haiingii maji. Nikaenda nayo Mbudya kwa boti. Mawimbi yalirusha matone mawili matatu, nikapangusa, nikacheka. Jioni vioo vya ndani vilikuwa na ukungu kama dirisha la daladala siku ya mvua. Baada ya miezi miwili kulikuwa na nyuzi nyeupe zimejichora ndani kama utando wa buibui. Niliirudisha. Mwenye duka akanieleza kwamba haiingii maji "ya kawaida", ya bahari ni mengine. Sijui kama alijitania au alinitania mimi.

Unachotafuta ni mambo mawili kwa pamoja. Moja, viungo vimezibwa kwa pete za mpira, na kipimo kimeandikwa: IPX7 maana yake inavumilia kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30. Pili, ndani imetolewa hewa na kujazwa naitrojeni au argoni, yaani gesi kavu. Bila gesi hiyo, unyevu wa Dar uliofungiwa ndani utageuka ukungu siku utakapoipeleka Lushoto kwenye baridi. Karatasi ya sifa ikisema "inavumilia manyunyu" peke yake, hiyo si darubini ya pwani.

Kingine cha kukagua ni bawaba ya katikati. Ikunjue na kuikunja. Iwe nzito kidogo na ibaki ulipoiacha. Itikise karibu na sikio: kitu kikigongana ndani, irudishe kabatini.

BaK-4, prizimu, tabaka... nisome yote hayo?

Hapana. BaK-4 ni aina tu ya kioo cha prizimu; mawili yatakutosha.

Kwanza tabaka la lenzi. Kila uso wa kioo usiopakwa kitu hurudisha nyuma kama asilimia 4 ya mwanga, na darubini moja ina nyuso nyingi. Tafuta maelezo yanayosema nyuso zote za vioo zimepakwa tabaka nyingi. Ikiandikwa tu kwamba lenzi "zimepakwa", pengine ni uso mmoja wa mbele.

Pili umbo. Zenye mabega, ambazo vioo vya mbele vimeachana zaidi kuliko matundu ya kutazamia, zinatumia mfumo ambao Mwitaliano Ignazio Porro aliusajili mwaka 1854. Zilizonyooka kama mabomba mawili ni za mfumo mwingine, ambao ni mgumu kutengeneza vizuri. Kwa hela ndogo, zenye mabega huwa na picha safi zaidi. Lakini zilizonyooka ni rahisi kuzibwa zisiingie maji, na ndiyo sababu nyingi zenye gesi ndani ni hizo. Kwa mtu wa Dodoma ningesema chukua yenye mabega uokoe hela. Kwa mtu wa Dar ninasema kinyume chake.

Niandae shilingi ngapi, na ninunue ya kampuni gani?

Kwa darubini iliyozibwa kweli, bei za Marekani zinaanzia kama dola 100 hadi 170. Weka usafiri na kodi (VAT yetu ni asilimia 18, ushuru una hesabu yake), na ukijiandaa kwa Sh 400,000 hadi 600,000 hutashtuka. Najua si hela ndogo. Lakini nimeona watu wakinunua tatu za elfu 80 ndani ya miaka miwili.

Ninazozijua kwa kuzishika: Nikon Prostaff P3 8x42, Celestron Nature DX 8x42 na Vortex Crossfire HD 8x42. Zote haziingii maji na zina gesi kavu. Prostaff ni nyepesi, chini ya gramu 600, na shingo italishukuru hilo ikifika saa 4. Nature DX inaona vizuri hata kipepeo aliye mita 2 kutoka mguuni. Vortex wana dhamana ya maisha bila maswali mengi, ila uliza kwanza nani atalipa gharama za kuisafirisha.

Nikon Aculon A211 na Olympus 8x40 DPS I ni za bei ya chini zaidi na picha zake ni nzuri sana kwa hela hiyo. Zote mbili hazizuii maji. Kama unatazama kutoka ndani ya gari au barazani, chukua. Kwa boti, acha.

Ukiletewa na ndugu anayetoka nje, mwambie abaki na risiti na aibebe kwenye mzigo wa mkononi. Na jina kubwa kwa robo ya bei hapa mjini ni jina tu.

Navaa miwani. Nivue?

Usivue. Teremsha vikombe vya mpira vya kwenye matundu (vingine unavizungusha, vingine unavikunja), utazame na miwani yako. Ila kabla ya kununua soma umbali wa jicho (eye relief), yaani jicho linaweza kukaa mbali kiasi gani na tundu, kwenye sifa zake: milimita 15 au zaidi. Pungufu ya hapo utaona duara dogo katikati kama unachungulia tundu la ufunguo. Asiyevaa miwani aviinue vikombe.

Ya mtumba je?

Inaweza kuwa bahati kubwa. Kuna darubini za Kisovyeti za 8x30 na 10x50, chuma kitupu, ambazo bado zinazunguka mitaani, na vioo vyake vinaaibisha vipya vingi. Zina rangi ya njano kidogo na hazijazibwa.

Washa tochi ya simu, iingize kwa mbele, uchungulie kwa nyuma, kisha kinyume chake. Vumbi kidogo si neno. Nyuzi kama buibui ni fangasi, acha. Halafu tazama mnara wa simu au wa msikiti: mnara uwe mmoja. Ukiona miwili, au macho yanavutwa kama yanataka kutoka, prizimu imehama baada ya kuanguka, na fundi wa kuirudisha utamtafuta sana.

Hao fangasi wanatoka wapi, na niwazuieje?

Vijidudu vyake viko hewani kila mahali. Vinachotaka ni unyevu, giza na hewa iliyotulia, yaani mkoba wa ngozi uliofungwa ndani ya kabati nyumba ya Msasani wakati wa masika. Vikishaota vinatoa asidi inayokula tabaka la lenzi, na hapo hata ukisafisha alama inabaki.

Mkoba iliokuja nao ni wa safari, usiwe wa kulalia. Nyumbani iweke kwenye ndoo au bakuli la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vipakiti vya silika jeli, vile vinavyokuja kwenye viatu na mabegi. Vya rangi vinavyobadilika ni bora, kwa sababu vinakuonyesha vikishiba unyevu, na unaweza kuvikausha tena kwa moto mdogo. Mchele usitumie, una unga. Na kama huna hayo yote, iache mezani kwenye upepo na uitumie kila wiki. Darubini inayotumika haioti kitu.

Nikitoka kwenye AC inajaa ukungu. Imeharibika?

Ukungu wa nje si ugonjwa. Kioo kimepoa, hewa ya nje ina joto na unyevu, unyevu unageuka matone juu yake kama kwenye chupa ya soda baridi. Itoe dakika 10 kabla. Ukungu wa ndani, ambao kitambaa hakiufikii, huo ndio wa kukutia wasiwasi.

Nisafishe na nini?

Si kwa ncha ya shati, si kwa kanga, na tafadhali si kwa mate. Mchanga wa Coco ni mgumu kuliko tabaka la lenzi. Ukipangusa kabla ya kupuliza, unaikwaruza kwa mkono wako mwenyewe.

Puliza kwa kipulizio cha mpira, au igeuze chini ufagie kwa brashi laini. Kisha kitambaa cha mikrofaiba na tone la maji ya kusafishia lenzi, ukizunguka kutoka katikati kwenda nje. Ukitoka baharini, na darubini ni ile iliyozibwa kweli, imwagie maji baridi ya bomba kidogo kuondoa chumvi, kisha uiache ikauke kivulini. Usiiache juu ya dashibodi ya gari: joto linalainisha grisi ya ndani na gundi za vioo.

Mbona nikitazama naona duara mbili, au macho yanachoka haraka?

Mara tisa kati ya kumi hujairekebisha. Kunja bawaba mpaka duara mbili ziwe moja. Funga jicho la kulia, zungusha gurudumu la kati mpaka jicho la kushoto lione maandishi ya bango la mbali vizuri. Sasa funga la kushoto, usiguse gurudumu, zungusha pete iliyo kwenye tundu la kulia mpaka bango lisomeke. Kumbuka ilipokaa hiyo pete, maana hiyo ni namba ya macho yako. Kuanzia hapo unatumia gurudumu la kati peke yake. Mgeni akiiazima atakuvurugia, na hutagundua mpaka furukombe aliyekuwa juu ya mti ameshaondoka.

Ya kwenye boti ni ile ile?

Manahodha wanapenda 7x50, na wana sababu. Chombo kinayumba, kwa hiyo ukuzaji mdogo ni msaada, na 50 kwa 7 inakupa mwale wa milimita 7, mkubwa kama mboni ya kijana gizani. Nzito, lakini nahodha hatembei nayo. Kwa abiria wa kwenda Bongoyo, 8x42 inatosha.

Naweza kuonea usiku?

Kwenye giza totoro hapana. Haitengenezi mwanga, inaukusanya tu. Lakini mbinguni itakufurahisha. Mwezi ukiwa nusu utaona mashimo yake pembeni mwa kivuli. Sayari ya Mshtarii (Jupiter), ukituliza mikono juu ya ukuta, inaonyesha vinukta vya miezi yake, ile minne aliyoiona Galileo mwaka 1610. Na Kilimia, ambacho wazee wa pwani walikitumia kusomea majira, kwa macho matupu unahesabu nyota sita au saba. Kwa 10x50 kinakuwa kundi zima la makumi. Nenda upande wa Kimbiji, mjini taa zinaficha.

Mchana usiielekeze kwenye jua hata kwa sekunde moja. Jicho haliuzwi Kariakoo. Mtoto mwambie hilo kabla hujamkabidhi.

Mtoto wa miaka saba nimnunulie?

Ndiyo, ya 6x30 kama utaipata, au hiyo ya bei ya viatu, ukishajua namba zake ni za uongo. Hakikisha inajikunja mpaka ifikie macho yake, maana uso wa mtoto ni mwembamba.

Na Uwanja wa Mkapa, derby?

8x32, ukikaa juu kabisa. Ila goli utalikosa, kwa sababu utakuwa umemlenga kipa wa upande mwingine.

Simu yangu inavuta mara 30, nahitaji darubini ya nini?

Kwa kuthibitisha baadaye ni ndege gani, simu ni nzuri. Kwa kumfuata akiruka, jaribu halafu uniambie.

Askari hawatanisumbua?

Tumia akili ya mjini. Barabara ya Barack Obama, zamani Ocean Road, ina ndege wazuri, na ina Ikulu. Usielekeze darubini huko, wala kwenye kambi za jeshi, bandarini au uwanja wa ndege. Askari akikusogelea, ishushe, msalimie, mwonyeshe kitabu chako cha ndege. Mimi huwa nampa atazame yangeyange. Mmoja alibaki nasi robo saa.

Nikaijaribie wapi bila gharama?

Mikoko ya Salender, upande unaoliona daraja la Tanzanite, siku za bamvua maji yakipwa. Ndege wa ufukweni wanajaa kwenye tope, pamoja na yule mweupe kwa mweusi mwenye mdomo mnene wa kuvunjia kaa, ambaye watu hutoka nchi za mbali kuja kumwona. Fika kabla jua halijawa kali, maana mvuke wa joto juu ya tope unaitingisha picha hata kwenye darubini ya milioni kumi.

Naweza kuazima yako?

Kwa saa moja, kamba ikiwa shingoni. Na ile pete ya kulia usiiguse.